Uzito wa upinde wa rikavu kwa kulungu: dalili, chanzo na dawa yake

Anayenunua upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake zimepinda kwenda mbele, wa kuwindia kulungu kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja tu: paundi ngapi, yaani unataka nguvu kiasi gani kuuvuta? Anaambiwa hamsini, pengine hamsini na tano. Ananunua. Baada ya miezi miwili mkono unatetemeka, mishale inakwenda kushoto, bega linauma, na ule mshale mmoja uliompata mnyama umeingia nusu ukakwama. Hapo hujiambia kwamba upinde ni dhaifu, atafute mzito zaidi. Mara nyingi ni kinyume chake.

Mwongozo huu ni wa wanaowinda kulungu mkia-mweupe kule Marekani na Kanada, kwenye msimu wa pinde na kwa leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huruhusiwi kuwinda bila kibali, kwa hiyo yaliyomo humu yasichukuliwe kama ruhusa ya kuingia porini huko. Tena kulungu tunayemsema siye yule wa vichaka vya kwetu mwenye pembe za kudumu. Huyu dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine.

Jibu letu tunalitoa mapema: kwa mtu mzima, paundi 40 hadi 45 zinatosha kabisa kwa kulungu, ilimradi ziwe zimepimwa kwenye vidole vyake mwenyewe na mshale uwe mzito, ulionyooka na wenye makali. Paundi 50 ni nzuri kwa aliyezifikia polepole. Zaidi ya hapo ni hiari, na kulungu hazihitaji.

Kabla ya dalili yoyote: pima

Upinde una mabawa mawili, yaani sehemu za juu na chini ya mpini zinazokunjika. Nambari kwenye bawa la chini, tuseme 45# @ 28", maana yake ni kwamba upinde huo una paundi 45 ukivutwa inchi 28. Inchi hizo huhesabiwa kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio, kisha huongezwa inchi 1¾. Wewe huenda huvuti 28. Kila inchi inayopungua huondoa paundi 2 hadi 3, na kila inchi inayozidi huongeza kiasi hichohicho. Upinde uleule wa 45 una kama paundi 40 mkononi mwa anayevuta inchi 26, na karibu 50 mkononi mwa mrefu anayevuta 30. Watu wawili wenye upinde wa aina moja wanaweza kubishana mchana kutwa kama ni mwepesi au mzito, na wote wakawa wakweli.

Pima hivi. Chukua wano, yaani ufito wa mshale, refu ambalo halijakatwa, lipachike kwenye uzi, vuta hadi kituo chako, yaani pale mkono unapotulia shavuni au pembeni mwa mdomo kila mara. Mwenzako asimame pembeni, si mbele, na aweke alama kwa kalamu pale wano linapopita ukingo wa mbele wa mpini. Rudisha uzi taratibu. Fanya hivyo mara tano, uchukue wastani. Kisha chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, itundike kwenye uzi mahali pa kupachikia mshale, vuta hadi alama ifike ukingoni, soma. Hiyo ndiyo nambari ya kufanyia kazi. Ya kwenye bawa ni ya kiwandani.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Usiachie uzi bila mshale hata mara moja, kwa sababu nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo hurudi kwenye mabawa na kuyapasua. Na kama upinde wako ni wa mfumo wa ILF, ambao mabawa yake hupachikwa kwenye mpini wowote wa mfumo huo, kumbuka kwamba nambari ya bawa kwa kawaida hutolewa kwa mpini wa inchi 25. Ukilifunga kwenye mpini mfupi wa inchi 17 au 19, uzito hupanda paundi kadhaa bila maandishi kubadilika.

Mkono unatetemeka, hufiki kituoni, au mshale unaondoka kabla hujaamua

Hii ndiyo dalili inayoharibu wapiga upinde wengi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayofichwa zaidi, maana hakuna anayependa kukiri kwamba upinde umemzidi nguvu.

Mtazame mpigaji kwa karibu. Ncha ya mshale iliyokuwa imefika ukingo wa mpini inaanza kuteleza kwenda mbele, milimita tano, kumi. Kidole cha pete kimeanza kunyooka. Bega la mkono ulioshika upinde limepanda karibu na sikio, na kidevu kinaufuata uzi badala ya uzi kukifuata. Kisha mshale unaondoka, na yeye mwenyewe anashtuka. Nusu inchi hiyo iliyopotea ni zaidi ya paundi moja, na kwa yadi 20 inatosha kuushusha mshale chini ya pale alipolenga. Akiendelea hivyo kwa mwezi, mwili unajifunza kuachia mapema ili ukwepe mzigo. Ugonjwa huo wa kuogopa shabaha kuutibu huchukua muda mrefu kuliko kuupata.

Chanzo cha kwanza ni uzito. Wanaotoka kwenye upinde wa kompaundi, ule wa magurudumu yanayopunguza mzigo mwishoni mwa mvuto, hudanganyika kirahisi hapa. Kompaundi ya paundi 60 yenye punguzo la asilimia 80 inamwachia mvutaji paundi 12 tu za kushikilia akiwa amelenga. Rikavu haipunguzi chochote: paundi 45 ni 45 mpaka sekunde ya mwisho. Nambari ya kompaundi isihamishiwe kwenye rikavu.

Jipime kwa njia tatu. Keti kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute taratibu bila kuuinua juu. Ukilazimika kuunyanyua kuelekea mbinguni ndipo uweze kuuvuta, umezidiwa. Pili, vuta, shikilia sekunde 10, kisha piga. Mshale huo uangukie pamoja na mingine. Tatu, piga mishale 30 kwa yadi 15, ulinganishe sita ya kwanza na sita ya mwisho. Kundi la mwisho likitawanyika mara mbili ya la kwanza, uzito umezidi kiasi mwili wako unachoweza kubeba leo.

Ukishindwa moja, shuka paundi 5. Ukishindwa mbili, shuka 10. Si lazima ununue upinde mpya. Pinde za kufunguka, kama Samick Sage, huuzwa na mabawa ya kubadilisha kwa hatua za paundi 5, na za ILF zina boliti zinazopunguza au kuongeza takriban asilimia 10 kwa jumla. Zungusha boliti ya juu na ya chini kwa kiasi sawa, upinde ukiwa hauna uzi, na usivuke kikomo alichoweka mtengenezaji.

Kupanda tena ni kazi ya miezi. Mtu mzima anayeanza afadhali aanze na paundi 30 au 35, mwenye mwili mdogo 25 hadi 30, na aongeze 5 baada ya miezi miwili au mitatu ya mazoezi ya kawaida, si kabla. Zoezi linalojenga haraka kuliko kupiga mishale mingi ni la kushikilia: vuta hadi kituoni, hesabu sekunde 15, rudisha taratibu, pumzika mara mbili ya muda huo, rudia mara tano hadi nane, siku tatu kwa wiki.

Chanzo cha pili ni kuvuta kwa mkono badala ya mgongo. Mwenye kosa hili hutetemeka hata kwa paundi 35. Dalili yake ni kiwiko cha mkono unaovuta kubaki nje, hakizunguki kwenda nyuma ya mstari wa mshale. Uchovu ukiusikia kati ya mabega, uko sawa. Ukiusikia kwenye misuli ya mkono, rekebisha mwendo kabla ya kulaumu mabawa. Maumivu makali yanayochoma mbele ya bega au kwenye kiwiko ni amri ya kusimama siku hiyohiyo.

Nyumbani unavuta vizuri, kwenye ulingo unashindwa

Mwezi Novemba, umekaa kwa muda wa saa tatu juu ya ulingo wa mtini, vidole vimekufa ganzi, umevaa makoti mawili, na kulungu ametokea upande ambao hukuutarajia. Misuli baridi haivuti kama ya uwanjani. Upinde unaoumudu kwa taabu mwezi Agosti hutaumudu hapo. Acha akiba: kama kikomo chako cha raha ni paundi 48, nenda porini na 43. Fanya mazoezi ukiwa umeketi, umevaa nguo zilezile za kuwindia, mshale wa kwanza bila kupasha mwili moto. Mshale huo wa kwanza ndio pekee utakaopewa nafasi na mnyama.

Angalia pia sleevu, yaani mkono wa koti. Ikiguswa na uzi mshale unapotoka, unaenda upande, na utadhani ni uzito. Kikinga mkono kirefu kinachobana kitambaa kinamaliza tatizo hilo.

Upinde ni laini mwanzoni, kisha unakuwa kama ukuta

Inchi mbili za mwisho zinaongezeka paundi 4 au 5 kila moja badala ya 2 au 3. Sababu ni urefu wa upinde kutolingana na urefu wa mvuto: mabawa yamefika mwisho wa kukunjika na uzi umekuwa kama unayavuta moja kwa moja. Upinde wa inchi 52 au 54 ni mtamu kubeba kwenye kichaka, lakini anayevuta inchi 29 atapigana nao. Kwa mvuto wa hadi inchi 27, upinde wa inchi 58 unafaa. Kwa 28 chukua 60 au 62, na kwa 29 kwenda juu 62 hadi 64. Hakuna marekebisho ya boliti yanayoponya hili, na kupunguza paundi huondoa maumivu lakini ukuta unabaki palepale. Badilisha urefu.

Mishale inaenda kushoto tangu ulipobadilisha mabawa

Maelezo haya ni kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze.

Mshale unapoachiwa hupinda kama samaki anavyojikunja, ukaukwepa mpini, kisha ukanyooka. Ugumu wake lazima ulingane na uzito wa upinde. Aliyeshuka kutoka paundi 50 hadi 40 akabaki na mishale yaleyale sasa ana mishale migumu kupita kiasi: haipindi vya kutosha, inasukumwa na mpini kwenda kushoto. Anadhani amesahau kulenga, anarudisha mabawa mazito, na kutetemeka kunarudi. Ni mtego wa kawaida sana.

Hakikisha kwa mshale usio na manyoya. Simama yadi 15, piga mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, yote ikiwa na ncha za uzito mmoja. Isiyo na manyoya ikianguka kushoto mwa kundi, ni migumu. Ikianguka kulia, ni laini. Ikianguka chini ya kundi, alama ya kupachikia iko juu mno kwenye uzi. Rekebisha juu na chini kwanza, kwa sababu mshale unaodunda kwenye rafu, yaani kikao cha mshale kwenye mpini, hutoa jibu la uongo kuhusu kushoto na kulia. Alama ianzie kama nusu inchi juu ya usawa wa rafu, na juu kidogo zaidi kwa wanaoweka vidole vyote vitatu chini ya mshale.

Mshale mgumu hulainishwa kwa kuongeza uzito wa ncha, mathalani kutoka greni 125 hadi 150 au 175 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), au kwa kununua wano laini zaidi. Mshale laini hufanywa mgumu kwa kuukata robo inchi kwa robo inchi, na hapo taratibu, maana uliokatwa haurudi. Kwa upinde wenye paundi 45 vidoleni, wano la kaboni la inchi 29 na ncha ya greni 125 hadi 150, anza kujaribu ugumu wa 500 na 600. Nambari kubwa ndiyo laini. Nunua wano moja la kila ugumu kabla ya dazeni.

Kama mshale usio na manyoya na wenye manyoya yote yanaenda kushoto pamoja, mshale hauna kosa. Mara nyingi ni mkono wa kulia unaokwanyua uzi nje ya uso wakati wa kuachia, na hilo nalo hutokana na uzito uliozidi.

Mshale uliingia kidogo, haukutokea upande wa pili

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakiwinda mnyama mkubwa hupaka sumu kwenye mshale. Mwindaji wa Marekani hana msaada huo. Kulungu wake anaangushwa na kukatwa kwa mapafu na mishipa mikubwa, basi, na tundu la kutokea ndilo linaloacha damu ya kufuata. Kwa hiyo suala la kupenya ni la haki kuulizwa. Ila jibu lake si "ongeza paundi", isipokuwa mwishoni kabisa, ukishakagua yafuatayo kwa mpangilio huu.

Makali. Gusisha chembe, yaani kichwa cha mshale cha kukatia, kwenye mpira wa kufungia noti uliovutwa kidogo: kikiukata kwa kuusogeza tu bila kuusukuma, kinafaa. Chembe kutoka kwenye pakiti mara nyingi hakipiti jaribio hili. Kinoe kwa jiwe, ukimalizie kwenye ngozi.

Aina ya chembe. Vile vinavyofunguka vikigonga hula nguvu kujifungua, na rikavu ya paundi 45 haina nguvu ya kugawa. Tumia chembe kisichofunguka, chenye mabawa mawili ya kukatia, kinachokata kuanzia nchani. Upana wa inchi 1 hadi 1⅛ unatosha, na majimbo mengi hayaruhusu chini ya ⅞.

Unyoofu wa mshale angani. Mshale unaoyumba hugonga kwa ubavu, na nguvu inaishia kulipinda wano. Hapo rudi kwenye jaribio la mshale usio na manyoya, safari hii ukilinganisha chembe za kuwindia na ncha za mazoezi. Zikipiga mahali pamoja kwa yadi 20, mshale umekaa sawa.

Uzito wa mshale. Lenga greni 10 kwa kila paundi ya vidoleni: upinde wa 40 mshale wa greni 400, ambazo ni gramu 26, na wa 45 greni 450, gramu 29. Greni zote zihesabiwe: wano, noki (kipande cha kupachikia uzi), manyoya, chembe. Tazama tofauti. Mshale wa greni 320 kutoka upinde wa paundi 45 unaweza kwenda kama mita 59 kwa sekunde. Wa greni 450 huenda kama 52. Wa kwanza unaonekana wa haraka, lakini ukizidisha uzito kwa mwendo, mzito una msukumo zaidi kwa kama asilimia 24, na msukumo ndio unaoendelea kusukuma chembe baada ya kukutana na mbavu.

Mahali ulipopiga. Bega la kulungu lina mfupa ambao paundi 60 nazo zinaweza kushindwa nao. Subiri asimame ubavu mzima au akiwa amegeuka kidogo kukupa mgongo, lenga nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Anayekutazama kifua kwa kifua mwache apite.

Ukishasafisha hayo yote na bado mshale haupenyi, na ulipimwa ukawa na paundi 38, basi ongeza.

Kulungu amedidimia kabla mshale haujafika

Mshale umepita juu ya mgongo, na mpigaji anaapa alilenga sawa. Alilenga sawa kweli. Kwa yadi 20, ambazo ni mita 18, mshale wa mita 52 kwa sekunde unachukua sekunde 0.35. Sauti ya uzi inamfikia kulungu kwa sekunde 0.05. Akichukua sehemu ya kumi ya sekunde kushtuka, bado amebaki na kama 0.2, na mwili unaoachwa udondoke huteremka sentimita 20 kwa muda huo. Hizo ni karibu kimo kizima cha eneo la mapafu unalolenga. Kwa yadi 15 anateremka kama sentimita 7 tu.

Kuongeza paundi 5 kunapunguza safari ya mshale kwa sekunde 0.02 hivi. Kusogea yadi tano karibu kunapunguza karibu 0.1. Hesabu inajieleza.

Kinachosaidia zaidi ni ukimya. Mshale mzito unabeba nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye upinde, kinachobaki cha kupiga kelele ni kidogo. Pandisha au shusha kimo cha uzi, yaani umbali kati ya uzi na kishikio, kwa kuusokota au kuusokotoa uzi mizunguko mitatu mitatu. Upinde wa inchi 60 au 62 kwa kawaida hutulia kati ya inchi 7½ na 8½, na sikio litakuambia ni wapi. Vifundo vya sufu au mpira kwenye uzi, robo ya urefu kutoka kila ncha, vinamaliza mlio uliobaki. Uzi wa nyuzi za kisasa zisizonyumbuka utumike tu kama ncha za mabawa zimeimarishwa. Upinde wa zamani upewe uzi wa dakroni, unaonyumbuka.

Mizani inasoma 35 au 37 na msimu unakaribia

Kwanza sheria. Pennsylvania na Colorado zimeweka kima cha chini cha paundi 35, Washington 40, na yako majimbo yasiyoweka kima chochote. Soma kitabu cha kanuni cha msimu huu cha jimbo unalowinda, na uangalie kama kinapima kwenye inchi 28 au kwenye mvuto wako, kwani hapo mtu mfupi anaweza kuangukia upande usiofaa bila kujua.

Ukiwa ndani ya sheria, usikimbilie mabawa mazito wiki tatu kabla ya kufunguliwa msimu. Mwili hautayazoea, na mishale itakuwa imepoteza ulinganifu wake. Weka mshale wa greni 380 hadi 420, chembe cha mabawa mawili chembamba na kikali, na ufupishe umbali uwe yadi 12, usizidi 15. Chagua ulingo au kizuizi kilicho karibu na njia ya kulungu badala ya ukingo wa shamba lililo wazi. Piga ubavu tu. Mabawa ya paundi 40 yaagize msimu ukishafungwa, uanze nayo Januari, ukiwa na miezi minane mbele yako.